Nilikwenda kumwona daktari, mbona nimepelekwa kwa nesi?

Nina presha. Kila mwezi kwenye kituo cha afya naonwa na nesi, daktari namwona kwa nadra. Si napunjwa?

Hapana. Presha ikishajulikana na dawa ikapangwa, kazi kubwa inayobaki ni kufuatilia, na nesi aliyefunzwa anaiweza vizuri. Mara nyingi ana nafasi zaidi ya kukusikiliza. Hata kupima presha kuna masharti yake: utulie dakika 5, uegemeze mgongo, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo, kibofu kisijae, na uwe hujanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kipimo cha kukimbizana mlangoni kinaweza kukuongezea dawa usiyoihitaji. Presha ikikataa kushuka, au figo, macho na moyo vikianza kuguswa, hapo nesi anamwita daktari. Unayo haki ya kumuuliza: "Ni lini utanipeleka kwa daktari?" Nesi mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Basi timu yenyewe ni akina nani?

Chukua Kenya. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 inataka zahanati na vituo vya afya viungane na hospitali moja kama mtandao, wahudumu wakifanya kazi pamoja. Humo kuna tabibu (afisa wa kliniki anayetibu, si daktari), wauguzi, mfamasia, watu wa maabara, mtaalamu wa lishe, na panapopatikana, daktari bingwa wa tiba ya familia. Mabingwa hao bado ni wachache. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafunza 2005. Nyumbani kwako anafika mhamasishaji wa afya ya jamii. Mwaka huohuo wa 2023 wahamasishaji wapatao 100,000 walianza kupewa mikoba yenye mashine ya presha na ya kupima sukari.

Mfamasia ananihoji kama polisi. Si anipe dawa niende?

Mvumilie, maana hapo ndipo mengi hugunduliwa. Mama mmoja anameza enalapril ya presha. Magoti yanamuuma, ananunua diclofenac dukani. Kikohozi kikavu kimemshika wiki kadhaa, ananunua na dawa ya kifua. Tabibu anaona presha imepanda, anataka kuongeza dozi. Mfamasia ndiye anayeuliza, "Mama, unatumia nini kingine?" Kumbe diclofenac inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na kikohozi chenyewe kinaweza kuletwa na enalapril. Akimpigia tabibu simu, dawa inabadilishwa, mama anaacha kununua chupa zisizomsaidia. Ila usiiache dawa ya presha mwenyewe kwa sababu ya kikohozi. Sema kwanza.

Watu wote hao wakijua ugonjwa wangu, siri itabaki?

Anayekuhudumia anapaswa kujua kile tu anachohitaji kwa kazi yake, na kila mmoja, pamoja na mhamasishaji ambaye huenda ni jirani yako, anabanwa na wajibu wa kutunza siri. Kama kuna jambo hutaki lifike kwake, mwambie nesi mapema, kabla halijaandikwa kwenye rufaa. Nalisema kwa uzito: mgonjwa anayeogopa majirani huacha kliniki kimyakimya, na presha haimngoji.

Nesi anasema hivi, tabibu anasema vile. Nimfuate nani?

Usichague mwenyewe, wala usirudi nyumbani na maelekezo mawili. Waambie: "Naomba mzungumze kwanza, kisha mniambie nifanye lipi." Beba daftari moja la kliniki kila uendako, hata duka la dawa, na pakiti za dawa zote unazotumia, za miti shamba pia. Sehemu nyingi faili bado hazisafiri kutoka kituo hadi kituo, kwa hiyo daftari hilo ndilo linalowaunganisha.

Lakini ukilegea upande mmoja wa mwili, ulimi ukawa mzito ghafla, au kifua kikabana, usingoje zamu ya nesi wala ya mhamasishaji. Nenda hospitali saa hiyohiyo.