Je, Wajua Kwa Nini Wimbo Mmoja wa Kale Husikika kwa Sauti Mbili Tofauti Mtandaoni?

Ukifungua hifadhi ya silinda za sauti, yaani mirija ya nta na mfano wake iliyorekodiwa sauti zamani, ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na kuchagua rekodi ya miaka ya 1890, jambo la kwanza utakalosikia ni mchakarisho mzito, mfano wa mvua inyeshayo juu ya bati. Kisha, mara nyingi, mwanamume hupaza sauti na kutaja jina la wimbo, la mwimbaji na la kampuni iliyourekodi, ndipo muziki uanze. Alifanya hivyo kwa sababu silinda ya nta haikuwa na mahali pa kubandika lebo. Kasha lake likipotea, tangazo hilo ndilo lililobaki kuwa utambulisho wake.

Hifadhi hiyo ilifunguliwa mtandaoni mwaka 2005, na leo ina zaidi ya silinda 10,000 ambazo mtu yeyote anaweza kuzisikiliza na kuzipakua bila malipo. Anayeilinganisha na hifadhi nyingine hukutana mapema na jambo la kutatanisha: wimbo uleule, wa mwimbaji yuleyule, huku unasikika kama umeimbwa na kijana mwenye sauti nyembamba na haraka nyingi, na kule kama umeimbwa na mtu mzima aliyetulia. Je, ipi ni sauti yake ya kweli?

Jibu linaanzia kwenye namna rekodi hizo zilivyotengenezwa. Kabla ya mwaka 1925, karibu rekodi zote za kuuzwa hazikutumia kipaza sauti cha umeme. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, sauti yake ikasukuma kiwambo chembamba kilichokuwa mwisho wa pembe, na kiwambo kikatikisa sindano iliyochimba mfuo kwenye nta. Katika silinda za Thomas Edison sindano ilipanda na kushuka, ilhali katika santuri bapa, ambazo Emile Berliner aliziombea hataza mwaka 1887, iliyumba kushoto na kulia. Nguvu yote ya kuchimba ilitoka kwa mtu mwenyewe au kwenye ala yake. Ala zenye sauti hafifu zilipotea kabisa, na ndiyo maana mara nyingi besi ya nyuzi ilibadilishwa na tuba, na fidla ya kawaida ikaachia nafasi fidla ya Stroh, iliyokuwa na pembe ya chuma badala ya sanduku la mbao. Msikilizaji anayedhani kwamba okestra za zama hizo zilifanana na bendi za shaba anasikia sawasawa. Hakika zilipangwa upya ili ziweze kuingia katika pembe.

Kilichobaki kwenye nta, basi, ni mchoro wa sauti, na mchoro hausemi wenyewe usomwe kwa kasi gani. Ukizungusha rekodi kwa kasi iliyozidi kwa asilimia sita hivi, wimbo mzima hupanda kwa nusu toni. Ukizidisha zaidi, mwanamume hugeuka mtoto. Santuri tunazoziita za mizunguko 78 kwa dakika hazikuwa na kasi hiyo sikuzote, kwani katika miaka ya mwanzo kila kampuni ilijipangia kasi yake, na santuri nyingi zilirekodiwa chini ya 78 au juu yake. Silinda zilizotengenezwa kwa kalibu kuanzia mwaka 1902 zilitulia kwenye mizunguko 160 kwa dakika, lakini zile za nta ya kahawia zilizotangulia hutofautiana sana. Mtaalamu wa hifadhi hulazimika kukisia: huangalia ufunguo, yaani kimo cha sauti, ambao wimbo huo ulichapishwa nao, hulinganisha na rekodi nyingine za mwimbaji huyo, kisha huamua. Wataalamu wawili waaminifu wanaweza kuamua tofauti.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville. Mwaka 1857 alipata hataza ya fonautografu, mashine iliyotumia unywele mgumu kuchora mitetemo ya sauti kwenye karatasi iliyopakwa masizi ya taa. Nia yake ilikuwa sauti ionekane kwa macho. Hakukusudia kamwe michoro ile ipigwe ikasikika, na hapakuwa na chombo cha kuipiga. Tarehe 9 Aprili 1860 alichora kipande cha wimbo wa watu wa Ufaransa uitwao Au clair de la lune. Karatasi ile ilikaa kimya karibu miaka 148, hadi mwaka 2008 watafiti wa kundi la First Sounds, wakishirikiana na maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani, walipoipiga picha na kuigeuza kuwa sauti kwa kompyuta. Dunia ikasikia sekunde chache za kile kilichodhaniwa kuwa sauti ya msichana.

Haikuwa ya msichana. Scott alikuwa na hekima ya kuchora, sambamba na wimbo, mitetemo ya uma wa toni, chuma chenye ncha mbili kitoacho sauti moja isiyobadilika, ambayo ilikuwa kama rula ya kupimia muda kwa kuwa silinda iliyovikwa karatasi ile ilizungushwa kwa mkono na mwendo wake ulikuwa ukibadilika. Uma huo uliandikwa kuwa na mitetemo 500 kwa sekunde. Lakini Wafaransa wa zama zile walihesabu kwenda na kurudi kuwa mitetemo miwili, ambapo sisi tunahesabu mmoja, hivyo kwa hesabu ya leo uma ule ulitetemeka mara 250. Watafiti walikuwa wameipiga rekodi kwa kasi maradufu. Walipoirekebisha mwaka uliofuata, msichana alitoweka, akabaki mwanamume anayeimba polepole mno, na yamkini ni Scott mwenyewe. Matoleo yote mawili yanapatikana bure kwenye tovuti ya kundi hilo, na ninamsihi kila msomaji ayasikilize moja baada ya jingine.

Ipo sababu nyingine ya tofauti, nayo haihusu kasi. Kabla ya kalibu, njia za kunakili silinda zilikuwa dhaifu, kwa hiyo mwimbaji alirudia wimbo uleule mara nyingi kwa siku mbele ya pembe kadhaa zilizopangwa pamoja. George W. Johnson, mmoja wa Wamarekani weusi wa kwanza kujulikana kupitia rekodi, aliimba nyimbo zake chache tena na tena katika miaka ya 1890. Silinda mbili zenye jina moja la wimbo wake zinaweza kuwa nyakati mbili tofauti kabisa za maisha yake. Huo ni utajiri ambao santuri za baadaye hazina.

Kuzisoma rekodi hizi leo ni kazi ya uangalifu. Nta ya kahawia huliwa na ukungu, na hata joto la kiganja laweza kuipasua. Santa Barbara hutumia Archéophone, mashine ya kisasa iliyobuniwa na Mfaransa Henri Chamoux, yenye sindano nyepesi isiyokwangua mfuo. Zile ambazo haziwezi kuguswa kabisa husomwa kwa mfumo wa IRENE uliozaliwa katika maabara ileile ya Berkeley, ambao hupiga picha za mfuo na kukokotoa sauti bila sindano yoyote. Kwa mfumo huo, mwaka 2012 ilisikika karatasi ya bati iliyorekodiwa St. Louis mwaka 1878, na mwaka 2013 ikatambulika sauti ya Alexander Graham Bell ya mwaka 1885. Kwa upande wa santuri, mradi wa Great 78 wa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ulitumia meza ya kuzungushia santuri yenye mikono minne iliyosoma mfuo mmoja kwa sindano za unene tofauti kwa wakati mmoja, na katika kurasa nyingi za mradi huo msikilizaji anaweza kujichagulia toleo. Napenda uwazi wa namna hiyo, kwa sababu unamwonyesha msikilizaji kwamba kuna uamuzi uliofanyika.

Kuhusu kuwa bure, sheria ina sehemu kubwa. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2018 ilifanya rekodi zote zilizochapishwa kabla ya 1923 kuwa mali ya umma kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Zile za 1923 zilifuata mwaka 2024, za 1924 mwaka 2025, na kadhalika, kila moja ikisubiri miaka 100 hadi zile za 1946. Awali mambo hayakuwa mepesi hivyo: Maktaba ya Bunge la Marekani ilipofungua National Jukebox, hifadhi yake ya sauti ya mtandaoni, mwezi Mei 2011, ikiwa na rekodi zaidi ya 10,000 za kampuni ya Victor, ilihitaji kibali cha Sony, iliyomiliki haki za rekodi hizo, na wasikilizaji waliruhusiwa kusikiliza tu bila kupakua. Great 78 nao ulishtakiwa na kampuni kubwa za muziki mwaka 2023. Nchi nyingine zina vipindi vyao vya ulinzi, kwa hiyo anayetaka kutumia rekodi katika kazi yake aangalie sheria ya mahali alipo.

Anayeanza kutafuta ataona faida kubwa akisoma maelezo ya ukurasa kabla ya kubonyeza kitufe cha kusikiliza. Namba ya matriki, yaani namba iliyochongwa karibu na lebo ya santuri, ni ya thamani kuliko jina la wimbo, kwa sababu humpeleka moja kwa moja kwenye orodha ya rekodi za kihistoria za Marekani iliyowekwa na Santa Barbara, ambako mara nyingi tarehe na mahali pa kurekodi vimeandikwa. Kasi iliyotumika ikitajwa, aitazame. Isipotajwa na sauti ikamtia shaka, programu yoyote ya kuhariri sauti itamruhusu kuipunguza kwa asilimia mbili tatu na kusikiliza upya.

Atakuta pia kurasa zenye maelezo bila sauti, na hilo si kosa la mtambo. Mwezi Machi 1890, mtafiti Jesse Walter Fewkes aliwarekodi Wapassamaquoddy, jamii ya wenyeji wa asili wa Amerika, huko Calais, Maine, na hizo ndizo rekodi za kwanza kufanywa nje ya studio kwa ajili ya utafiti wa tamaduni. Silinda hizo ziko Maktaba ya Bunge, na Wapassamaquoddy wenyewe wamekuwa wakizisikiliza, wakizifasiri kwa lugha yao na kuamua zipi zisikilizwe na watu wote na zipi zibaki kwao.