Je, Waijaw waliisaliti Biafra?

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba Waijaw wa delta ya mto Niger waliisaliti Biafra, eneo la Mashariki lililojitenga na Nigeria, katika vita vya Nigeria vya 1967 hadi 1970, kana kwamba watu wote wa Mashariki walikuwa wameungana hadi wao walipojitoa. Simulizi hii inaanzia mahali pasipo sahihi.

Hofu ya makabila madogo, kama Waijaw, kutawaliwa na makubwa, kama Waigbo wa Mashariki, ilikuwa imekwisha kuchunguzwa na tume ya Willink, iliyoundwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza, mwaka 1957 na 1958, kabla ya uhuru. Mwezi Februari 1966, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, kutangaza Biafra, Mwijaw Isaac Adaka Boro alitangaza Jamhuri ya Delta ya Niger, ambayo ilizimwa baada ya siku kumi na mbili, naye akahukumiwa kifo kwa uhaini. Gowon, kiongozi wa kijeshi wa Nigeria, alimwachilia mwaka 1967, na tarehe 27 Mei mwaka huo akaunda majimbo 12, likiwemo la Rivers ambalo wanaharakati wa delta walikuwa wakilililia. Biafra ilitangazwa siku tatu baadaye. Boro alijiunga na jeshi la shirikisho na kufia vitani mwaka 1968.

Hata hivyo, si haki kugeuza simulizi hiyo kwa kudai kwamba Waijaw wote walikuwa upande wa Lagos, yaani serikali ya shirikisho, kwa sababu wako walioitumikia Biafra kwa dhati, na kumbukumbu za familia zao nazo ni sehemu ya historia hii.