Alkaloidi ni nini?

Katika bustani nyingi za Kisumu kuna kaua chenye petali tano, cha waridi au cheupe, kinachochanua hata jua likikaza. Asili yake ni Madagaska. Wengi hukipanda kama pambo, bila kujua kuna alkaloidi ndani yake.

Alkaloidi ni kemikali zenye naitrojeni, nyingi zikiwa chungu, ambazo mmea hujitengenezea. Baadhi huukinga na wadudu wanaoutafuna. Kiasi kidogo tu hutikisa mwili. Tayari unazijua: kafeini ya majani ya chai, nikotini ya tumbaku, kwinini ya malaria.

Za ua hili zilipatikana kwa bahati. Huko Kanada, watafiti Robert Noble na Charles Beer walikuwa wakichunguza majani kutoka Jamaika, yaliyosifiwa kwa kutibu kisukari. Sukari ya wanyama wa maabara haikushuka. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu. Wakaigeukia saratani ya damu, ambayo huzidisha chembe hizo, na mwaka 1958 wakatangaza alkaloidi moja ya ua hili, vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, ikafuata.

Seli inapogawanyika husuka nyuzi za kuvuta kromosomu, yaani vibeba urithi, huku na huku. Vinkristini huzizuia kusukika, seli ikakwama katikati ya kazi na kufa. Lakini mishipa ya fahamu nayo hutegemea nyuzi za aina hiyo, ndiyo maana mgonjwa hulalamika ganzi ya vidole.

Kwetu kando ya ziwa dawa hii si ngeni. Limfoma ya Burkitt, saratani ile inayomvimbisha mtoto taya, hutokea zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama haya, na vinkristini ni mojawapo ya dawa zake.

Basi tuchemshe majani? Hapana, tafadhali. Gramu moja ya vinkristini huhitaji mamia ya kilo za majani makavu, na hata mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, tena kwa mshipa wa damu tu. Sufuria haina kipimo hicho, na majani yana alkaloidi nyingine tele.

Mofini, ya mmea wa afyuni, ni alkaloidi pia. Yenyewe haiui saratani. Hutuliza maumivu, mara nyingi kama dawa ya maji ya kunywa. Familia nyingine huikataa zikidhani ni dalili ya kukata tamaa, mgonjwa akalala akiugulia bure. Jambo moja: vinkristini na mofini zote hufunga choo, basi kikifunga mwambie daktari mapema.