Konokono wa ziwani naye anaumwa kichocho: mwili wake unavyopigana na huyu mdudu

Ukifika mwalo wowote wa Ziwa Albert hapa Uganda, iwe Butiaba, Kaiso ama Ntoroko, geuza gugu maji lililokwama ufukweni uangalie chini ya majani, utakuta konokono wadogo bapa wa rangi ya kahawia, upana sentimita moja hivi, wamejishika hapo wametulia (vaa glavu na gambuti kwanza, hayo maji si ya kuchezea). Hao ndo Biomphalaria. Siku hizi watu wengi wa mwaloni wanajua hao ndo wanahusika na bilhazia, kichocho cha tumbo, na kila tukienda kufundisha lazima mtu atasimama aseme basi leteni dawa muwaue wote tumalize. Sawa, nawaelewa. Ila kuna kitu hakisemwi: konokono hazaliwi akiwa na mdudu wa kichocho, anaambukizwa na sisi, kwa kinyesi chetu kinachofika majini, na akishaambukizwa mwili wake haukai tu kusubiri, unapigana.

Tuanze na yule anayemvamia. Mnyoo jike mmoja wa Schistosoma mansoni, ndo huyo mdudu wa kichocho cha tumbo, ndani ya mtu anataga mayai kama 300 kwa siku, mengine yanatoka na choo, na yai likigusa maji matamu linapasuka katoka kadudu kadogo sana kenye vinywele vya kuogelea mwili mzima, tunakaita mirasidia. Hakali kitu, kana kama siku moja tu ya kuishi, na katika hiyo siku lazima kampate konokono wa aina yake la sivyo kanakufa. Kakimpata kanajitoboza kuingia, mara nyingi kwenye mguu ama kwenye vile vipapasio vya kichwani, kakishaingia kanavua ile ngozi yake ya nje na kuwa kama kifuko, sporosisti. Hapo ndo kazi ya kinga ya konokono inaanza, na ni kazi ya masaa, si ya wiki.

Sasa konokono hana antibodi, zile protini za kinga tunazotengeneza sisi dhidi ya ugonjwa mmojammoja. Hana zile seli za damu ziitwazo limfosaiti zinazotusaidia sisi kukumbuka surua ama chanjo ya pepopunda, na viumbe vyote vya gamba ni hivyohivyo, chaza, kome, kaa, kamba, wote wanategemea kinga ya kuzaliwa nayo tu. Alichonacho ni seli zinazozunguka kwenye damu, hemosaiti. Ukichukua tone la damu ya Biomphalaria ukaliweka kwenye kioo chini ya hadubini utaona kwanza hiyo damu ni nyekundu, maana ana hemoglobini kama sisi ingawa yake imeyeyuka kwenye maji ya damu yenyewe, haijafungwa ndani ya seli (jirani yake Lymnaea, yule wa gamba lililochongoka anayewapa ng'ombe minyoo ya ini, damu yake ina shaba na inaelekea kuwa ya bluu). Halafu subiri kidogo, zile hemosaiti zinatua kwenye kioo, zinajitandaza, zinatoa vidole virefu vyembamba kila upande, zinatafuta cha kushika. Mimi hiyo picha sijawahi kuichoka.

Bakteria mmoja hemosaiti inammeza ikamaliza. Lakini sporosisti ni kubwa mno, haimezeki, kwa hiyo seli zinaitana na kuizunguka, tabaka juu ya tabaka, vile wanakijiji wanavyomzingira mwizi usiku mpaka hana pa kupita, halafu zinaimwagia sumu: haidrojeni peroksaidi, naitriki oksaidi na vitu vingine vya kuchoma. Kwa konokono mwenye kinga kali, ukimpasua masaa machache baada ya kuambukizwa unakuta mdudu tayari kafunikwa, na ndani ya siku moja ama mbili amekufa na mabaki yanaanza kusafishwa.

Lakini seli zinajuaje kwamba hiki ni kitu kigeni? Hapo ndo utafiti umekuwa mtamu. Kwenye ile damu kuna protini zinaitwa FREP, zilielezwa miaka ya 1990, zinazoshika sukari na protini zilizo juu ya ngozi ya mdudu na kumtia alama ili hemosaiti zimuone. Watu walidhani kinga ya konokono ni ya kijinga, silaha ileile kwa kila adui, kumbe jeni za FREP zinabadilikabadilika ndani ya konokono mmojammoja, kiasi kwamba konokono wawili wa sehemu moja wanaweza kuwa na seti tofauti. Na mdudu naye si mjinga, ngozi yake ina protini zinazotofautiana kati ya mdudu na mdudu, anajipaka vitu vinavyofanana na vya konokono mwenyewe, tena anatoa kemikali za kuzima ile sumu. Kwa hiyo nani anashinda inategemea ni mdudu gani kakutana na konokono gani, na ndo maana mdudu wa ziwa moja anaweza kushindwa na konokono wa ziwa lingine.

Kuna na hili la kumbukumbu. Konokono aliyewahi kuambukizwa, akikutana tena na mdudu wa aina ileile baadaye, anamkataa vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza, na safari hii silaha kubwa ni protini za kwenye damu kuliko zile seli za kuzingira. Hana antibodi hata moja na bado mwili wake unakumbuka.

Binamu zake wengine nitawapitia haraka. Kamba akijeruhiwa ama akivamiwa anatengeneza melanini, unaona kidoa cheusi kwenye gamba, hiyo ni kinga inafanya kazi, ingawa virusi vya madoa meupe vinaipita kirahisi na viliingia mashamba ya kamba ya Msumbiji mwaka 2011. Limulus wa pwani ya Marekani, anayeitwa kaa ingawa ni ndugu wa buibui na nge, damu yake ya bluu inaganda ikigusa sumu ya bakteria hata kidogo sana, na tangu miaka ya 1970 imetumika kupima kama dawa za sindano na chanjo ni safi. Kwa hiyo ukichomwa sindano hapa Hoima, huenda damu ya huyo kiumbe ilishaipima hiyo dawa kabla haijakufikia.

Turudi kwa konokono wetu, na anaposhindwa. Sporosisti iliyopona inazaa sporosisti nyingine, hizo zinahamia kwenye ini lake na kwenye kiungo cha uzazi, konokono anaacha kutaga mayai, yaani anahasiwa kabisa, chakula anachokula kinalisha wadudu. Baada ya wiki nne mpaka sita hivi anaanza kutoa sekaria, yaani vitoto vya mdudu, zile zenye mkia wenye panda zinazoingia kwenye ngozi ya mtu. Sisi tunampima hivi: kila konokono kwenye kikombe chake cha plastiki chenye maji safi, weka kwenye mwanga, subiri saa moja ama mbili, halafu angalia kwa lenzi. Wengi maji yanabaki matupu. Halafu unafika kikombe kimoja unakuta maji yamejaa vidoti vinapanda na kushuka, mamia, wakati mwingine maelfu kwa siku kutoka kwa huyo mmoja, na zote zilizotokana na mirasidia mmoja ni jinsia moja. Zinatoka zaidi jua likiwa kali, muda uleule watoto wanaoga na akina mama wanafua.

Swali linalokuja kila mara: si mzalishe konokono wenye kinga mkawamwage ziwani? Maabara inawezekana, ukichagua wazazi wenye kinga vizazi vichache tu unapata ukoo unaokataa mdudu. Lakini mimi sina haraka na hilo. Majaribio yameonyesha kinga hiyo inaweza kuja na gharama, wanazaa kidogo, kwa hiyo ukiwaachia ziwani wale wa kawaida wanawazidi idadi. Mdudu naye atabadilika. Na Ziwa Victoria lina Biomphalaria choanomphala wanaoishi mita kadhaa chini ya maji, huko hata dawa ya kuua konokono hufikishi vizuri. Dawa za prazikwanteli tunazogawa kwa wingi nchini tangu 2003 zinaua mnyoo mkubwa ndani ya mtu tu, haziwagusi walioko ndani ya konokono, na mtu akirudi majini kesho anaambukizwa upya. Kwa hiyo mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya mtaa, akiniuliza pesa kidogo alizonazo anunue dawa ya konokono ama ajenge choo cha mwaloni, namwambia choo, maana yai lisilofika majini halimpati konokono yeyote, awe na kinga ama asiwe nayo.