Je, wajua kwa nini pamba hulimwa Mpeketoni, lakini leso (kanga) hutoka India?

Pamba inalimwa papa hapa Lamu, Mpeketoni na kwengineko. Ukiingia duka la leso mjini Amu, nyingi utakuta zimechapwa India. Wapo wanaosema sababu ni uvivu wetu au uhaba wa ujuzi. Miye sikubali. Wafumaji wa Pate walisifika kwa vitambaa vya hariri tangu enzi za Wareno: walifumua hariri ya ng'ambo, wakaifuma upya.

Karne ya 19 likaja merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mashine huko Massachusetts, Marekani, na kuletwa na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya huko huko, hasa baada ya mkataba wa Marekani na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mwaka 1833. Lilikuwa imara na bei nafuu, likawa vazi, na kwenye misafara ya bara likawa hata fedha. Fundi wa kufuma kwa mkono angeshindana nalo vipi? Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakata mkondo huo, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikajaza pengo.

Lakini hata Massachusetts haikusalimika. Kuanzia miaka ya 1920 viwanda vyake vya nguo vilifungwa kimoja baada ya kingine; kazi ikahamia majimbo ya kusini, kwenye ujira mdogo na vyama dhaifu vya wafanyakazi, na baadaye Asia. Mwanajiografia David Harvey anaeleza kwamba faida ikibana mahali pamoja, mtaji hutafuta pengine. Mtaji huhama, majengo na watu hubaki. Mwanajiografia mwenzake, Doreen Massey, naye alisisitiza kwamba hali ya mji haielezeki kwa kuutazama mji wenyewe tu: uliza pia maamuzi yanatolewa wapi, na nani.

Kwetu Kenya mambo yalikuja mbio zaidi. Uingereza ilitajirika kwanza, viwanda vikapungua baadaye. Mwanauchumi Dani Rodrik ameonyesha kwamba nchi maskini siku hizi huanza kuvipoteza kabla hazijatajirika. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, mitumba na nguo za nje zilifurika. KICOMI, kiwanda cha nguo za pamba cha Kisumu, ikafungwa. Rivatex, kiwanda cha nguo cha Eldoret, nayo ikaanguka, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007.