Kiseyeye na agizo la mwaka 1795: maswali na majibu

Kiseyeye ni ugonjwa gani?
Ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, ambayo mwili huitumia kutengeneza protini inayoshikilia ngozi, fizi na mishipa ya damu. Baada ya miezi kadhaa bila matunda wala mboga, mtu huchoka, miguu humuuma, fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea. Asipotibiwa hufa.

Mwaka 1795 kulitokea nini Uingereza?
Jeshi la wanamaji, likiwa vitani na Ufaransa, liliagiza mabaharia wapewe maji ya limau. Daktari Gilbert Blane ndiye aliyewashawishi wakubwa. Mwaka uliotangulia, meli ya Suffolk ilisafiri wiki 23 hadi India na mabaharia wakinywa maji hayo, na kiseyeye hakikuwashika kwa ukali.

Kwani kabla ya hapo tiba haikujulikana?
Ilijulikana, na hilo ndilo linaloniuma. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya Salisbury, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila jozi na dawa yake: wengine siki, wengine hata maji ya bahari. Wawili waliokula machungwa na limau walipata nafuu upesi; mmoja alirudi kazini baada ya siku 6. Lind alichapisha matokeo mwaka 1753, lakini mabaharia waliendelea kufa kwa miaka 40 na zaidi. Tena yeye mwenyewe alipendekeza maji ya matunda yapikwe yawe mazito ili yasioze, kumbe moto huharibu vitamini C. Vitamini yenyewe haikutambuliwa hadi karne ya 20.

Je, kiseyeye bado kipo?
Kipo. Kimewahi kuzuka katika kambi za wakimbizi za Pembe ya Afrika, ambako watu waliishi kwa mgao wa nafaka, maharage na mafuta tu. Huwapata pia walevi sugu, na wazee wapweke wanaoshindia chai na mkate.

Nijikinge vipi?
Kula machungwa, mapapai, pilipili hoho, na hasa mapera, ambayo yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Mboga za majani zipike kwa muda mfupi na usimwage maji yake. Limau likamulie baada ya kuepua chungu. Fizi zikitoka damu mara kwa mara, nenda ukapimwe, kwani yapo magonjwa mengine yenye dalili hiyo.