Slagi, magamba na vumbi: yanayosemwa kuhusu taka za viwanda vya chuma, na yalivyo

Viwanda vingi vya chuma nchini Uganda, kuanzia Jinja na Njeru hadi Namanve, huyeyusha chuma chakavu kwa tanuri la induksheni, yaani lile linalopasha chuma kwa umeme unaopita kwenye koili iliyolizunguka. Jambo hilo moja linatosha kuharibu sehemu kubwa ya ushauri unaosambaa kuhusu kuchakata taka za chuma, kwa sababu ushauri wenyewe uliandikiwa matanuri ya aina nyingine. Taka hufuata tanuri. Kabla ya kuuliza slagi yako, yaani ule uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma kisha ukaganda, inafaa kazi gani, uliza imetoka wapi.

"Slagi ni slagi tu. Isage, uichanganye na saruji."

Slagi inayosagwa na kutiwa kwenye saruji duniani ni ile ya tanuri refu linaloyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya koki. Hutoka kilo 250 hadi 350 kwa kila tani ya chuma ghafi, ina chokaa nyingi, na hupozwa ghafla kwa maji mengi mpaka iwe chembe za kioo. Ukioo huo ndio unaoifanya igande kama saruji ikipata maji. Slagi hiyohiyo ikiachwa ipoe yenyewe huwa jiwe la kawaida: kokoto nzuri, lakini haina nguvu ya saruji.

Ya tanuri la induksheni ni kitu kingine kabisa. Bitana ya tanuri hilo, yaani tabaka la ndani linalostahimili moto, kwa kawaida ni mchanga wa kwatzi ulioshindiliwa pamoja na asidi ya boroni kidogo. Kwa hiyo slagi yake ni silika, oksidi ya chuma na ya manganizi, na chokaa kiduchu. Ukiisaga na kuitia kwenye saruji umenunua mchanga kwa bei ya umeme. Inachofaa ni kushika nafasi ya kokoto na mchanga kwenye matofali ya kulaza uani, kwenye matofali ya zege na kwenye tabaka la chini la barabara, ili tusiendelee kumega vilima kwa ajili ya moramu.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki haraka. Slagi iliyotolewa juu ya chuma kilichoyeyuka huachwa ipoe kwa hewa. Haimwagiwi maji ingali nyekundu, maana ndani yake kuna vidimbwi vya chuma ambacho bado ni maji, na mvuke ukinaswa chini yake hulipuka. Ikishapoa hupondwa, hupitishwa chini ya sumaku, huchekechwa, halafu hupondwa na kupitishwa kwenye sumaku mara ya pili, kwa sababu baada ya mpondo wa kwanza chembe nyingi za chuma bado zimefungwa ndani ya mawe. Wengi huishia kwenye sumaku ya kwanza. Matokeo yake huonekana mvua zikishapita: madoa ya kutu usoni mwa matofali, kisha vishimo pale chembe iliposhika kutu, ikavimba na kubandua zege. Vipande vya chuma vilivyookolewa hurudi tanurini, lakini vile vilivyogandamana na slagi nyingi vipondwe tena kwanza. Vikirudishwa vilivyo, unalipia umeme wa kuyeyusha uchafu uleule mara mbili.

Kuna hadhari moja zaidi. Kiwanda kinachosafisha chuma kwa chokaa kwenye ndoo ya kumiminia, au kinachotumia tanuri la tao la umeme (linaloyeyusha kwa cheche kubwa ya umeme), kina slagi yenye chokaa huru, yaani isiyoungana na kitu kingine. Chokaa hiyo ikipata maji, ujazo wake hukaribia mara mbili, na barabara iliyojengwa juu yake huinuka na kupasuka. Slagi ya namna hiyo hulazwa nje na kulowekwa kwa miezi kadhaa, kisha hupimwa: sampuli iliyoshindiliwa hukaa ndani ya maji ya nyuzi 70 kwa siku 7, na kipimo kinachotumika sana hakiruhusu ivimbe zaidi ya asilimia 0.5. Maji yanayotiririka kutoka kwenye rundo lake yanaweza kufika pH 11 au 12, yaani makali kama ya chokaa. Kuyaelekeza kwenye kinamasi ni kuua samaki. Usiichanganye kamwe na ile nyeusi ya induksheni, la sivyo umepoteza zote mbili.

"Magamba ni chuma kitupu, yarudishe tanurini."

Bileti, yaani vipande virefu vya chuma vinavyosubiri kufanywa nondo, zikipashwa moto hadi nyuzi 1,100 au 1,200 kabla ya kuingia kwenye rola, ngozi yake huungua na kubanduka kama magamba. Hupotea hivyo takribani kilo 10 hadi 20 kwa tani, na magamba hayo yana chuma cha asilimia 70 hivi. Hesabu inavutia. Tatizo ni kwamba ni oksidi, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, si metali.

Ukiyamwaga kwenye tanuri la induksheni, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Oksidi hukutana na kaboni iliyo ndani ya chuma, gesi hufumka, na chuma huchemka hadi kumwagikia jukwaani wanaposimama wafanyakazi. Wakati huohuo oksidi huungana na silika ya bitana na kutengeneza kitu kinachoyeyuka karibu na nyuzi 1,200, ilhali ndani ya tanuri kuna 1,600. Bitana huliwa. Chuma chakavu chenye kutu nyingi hufanya vivyo hivyo polepole, ndiyo sababu bitana za viwanda viwili vyenye tanuri sawa hazidumu sawa.

Mahali halisi pa magamba ni tanuri la klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, ambalo linahitaji oksidi ya chuma kidogo katika mchanganyiko wake. Hima, wilayani Kasese, kuna tanuri kama hilo. Kiwanda kinachosaga tu klinka iliyoletwa hakina haja nayo, na swali la kwanza la kumuuliza mnunuzi wa kiwanda cha saruji ni hilo. Kutoka Jinja hadi Kasese ni safari ndefu, basi nauli ndiyo itakayoamua. Njia nyingine ni kuyachanganya na unga wa makaa na kuyapeleka kwenye tanuri la kutengenezea chuma sponji, yaani chuma kinachoondolewa oksijeni bila kuyeyushwa, au kuyatia kwenye zege la vizito vya kusawazishia mashine.

Yatenganishwe kwenye shimo la maji ya rola yanamotuama. Magamba makubwa yanayotuama kwanza huwa na mafuta kidogo. Tope laini la tangi la mwisho hubeba grisi ya rola, na huko kwenye klinka au sponji mafuta hayo hugeuka moshi unaoziba mifuko ya kuchujia, pengine kuiwasha moto.

"Chuma chakavu chochote kikishayeyuka ni sawa."

Tanuri la induksheni huyeyusha; kusafisha haliwezi. Fosforasi na salfa hubaki zilivyoingia. Shaba ni mbaya zaidi kwa kuwa hakuna tanuri la chuma linaloitoa. Kilo 10 za shaba ndani ya tani 5 ni asilimia 0.2, na kuanzia hapo hivi nondo huanza kupasuka juu ya uso zinapopita kwenye rola zikiwa moto. Hizo zote hurudi kuwa taka. Koili za mota na nyaya zing'olewe kwenye yadi, kwa mkono. Shaba ikishaingia, dawa pekee ni kuichanganya na chuma kisafi au sponji.

Na udongo? Mzigo wa tani 10 wenye mchanga na kutu asilimia 3 umeshakupa kilo 300 za uchafu kabla hujawasha umeme. Mitungi na mabomba yaliyofungwa pande zote mbili ni suala la uhai: maji yakigeuka mvuke huongezeka ujazo mara 1,600 na zaidi. Yakatwe kwanza.

"Vumbi la chujio ni majivu, limwage."

Vumbi hilo ndilo linalonaswa na vichujio vya moshi wa tanuri, na hapa hatuna mzaha. Mabati ya zamani yana zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Ndani ya tanuri yote huwa moshi, pamoja na risasi na kadimi. Tanuri la tao la umeme hutoa kilo 15 hadi 20 za vumbi kwa tani ya chuma. La induksheni kwa kawaida hutoa pungufu, lakini sumu ni ileile.

Mfuko wa vumbi hilo usikae uwanjani. Uwekwe chini ya paa, juu ya sakafu ya zege, ukiwa umeandikwa kilichomo, na wanaopakia wavae barakoa za kuzuia chembe, si kitambaa. Kipimo cha Marekani cha uchujukaji wa sumu huweka ukomo wa miligramu 5 za risasi na 1 ya kadimi kwa lita ya maji yaliyochujuka. Vumbi la mabati mara nyingi huuvuka. Likiwa na zinki ya kutosha, asilimia 15 au 20 kwenda juu, lina thamani: huchomwa na kaboni ndani ya tanuri la mzunguko kwenye nyuzi 1,000 hadi 1,200, zinki ikapanda kama mvuke na kukusanywa. Kulisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali cha nchi inayolipokea kabla halijaondoka. Huo ni utaratibu wa Mkataba wa Basel, ambao Uganda ni mwanachama wake tangu 1999.

"Umeme wetu ni wa Nile, kwa hiyo chuma chetu ni kisafi."

Nusu kweli. Kila tani ya chuma chakavu inayoyeyushwa huepusha takribani tani 1.4 za mawe ya chuma na tani 1.5 za kaboni dioksidi. Bwawa la Bujagali au Karuma halipunguzi hata gramu moja ya risasi kwenye vumbi.

"Akishabeba mwenye lori, si letu tena."

Ni lenu bado. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2020 zinamwachia wajibu aliyezalisha taka, na anayesafirisha, anayehifadhi au anayetibu taka lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Omba nakala ya leseni kabla ya kufungua geti, na usome aina ya taka iliyoandikwa humo: ya takataka za majumbani haimruhusu kubeba vumbi la chujio. Kwenye hati ya mzigo andika aina, uzito, tarehe, namba ya lori na mahali unakokwenda, kisha dai nakala iliyotiwa saini na aliyeupokea. Mzigo upimwe ukiwa mkavu. Vumbi na magamba yakilowa huongezeka uzito, na tofauti ya mizani mbili haitakuambia kama ni maji yaliyokauka njiani au ni mzigo uliomwagwa kichakani.